Sekela: Barua zangu ziliwatoa wenzangu, mimi nikabaki na cherehani

Saa moja asubuhi, mvua ya Tukuyu iko kazini. Si ya kutisha. Ni yale manyunyu ya huku yanayoingia bila hodi na kuondoka bila kuaga. Barazani kwa duka la Hafidhi, mkabala na soko, Sekela anakanyaga cherehani.

Mapajani ana suruali ya mitumba. Aliyeivaa mwanzo, huko ilikotoka, alikuwa mtu aliyeshiba. Mwenye nayo sasa ni mwalimu mwembamba kutoka Ikuti, amesimama pembeni akisubiri ipunguzwe kiuno. Sekela anapiga chaki, anakata, anakunja, anashona.

Nyuma yake, kwenye mlango wa duka, kuna picha iliyokatwa gazetini na kubandikwa kwa uji wa unga. Msichana wa kwenye picha anacheka meno yote nje. Mwalimu anaisogelea, anaikodolea macho, anauliza kama huyo si yule binti wa Lufingo anayeigiza kwenye televisheni.

"Ndiye," Sekela anajibu bila kugeuka. "Anakoroma."

Mwalimu anacheka. Sekela hacheki. Anajua asemalo, maana amelala naye chumba kimoja Suma na kwingineko kikundi chao cha maigizo kilipokwenda kuonyesha, na anasema ilikuwa ni sawa na kulala kwenye mashine ya kusaga.

"Andika tu kwamba nina wivu," anamwambia mwandishi. "Hapa sokoni kila mtu anajua. Ukiandika sina, watasema gazeti linadanganya."

Haya, imeandikwa. Sekela, fundi cherehani, mama wa watoto watatu, miaka arobaini na moja, ana wivu, na wala si wivu wa mume. Chanzo chake ni barua, tena barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alizaliwa Ikuti, nyumba ya wakulima wa ndizi na chai. Alipomaliza darasa la saba alifundishwa kushona na mama mmoja wa kanisani, na kwa miaka mingi ugali wake ulitoka kwenye sare za shule. Kila Desemba ushirika ulimletea marobota ya khaki, na mpaka shule zifunguliwe Januari alikuwa hajui usingizi ni nini.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikawa huria. Ushirika ukayumba, mitumba ikashuka kwa malori, na gauni la kushonwa kwa elfu moja na mia tano likakutana sokoni na gauni la mia tano lililokwisha kushonwa. "Sasa nani atakuja kwangu kupimwa?" anauliza. Siku hizi kazi yake kubwa ni kurekebisha nguo hizo hizo zilizomharibia kazi. Siku njema humpa shilingi elfu mbili. Siku mbaya, hata uzi haurudi.

Lakini tusiisingizie ruksa kila kitu. Ndiyo iliyoleta pia mashirika yaliyotaka wanavijiji waelezwe habari za ukimwi na za kilimo bora cha chai kwa njia ya maigizo. Kikundi kikaundwa Tukuyu, Sekela akajiunga kwa sababu ya posho, na huko akakutana na mtu asiyemjua, yaani yeye mwenyewe akiwa jukwaani.

Hafidhi, mwenye duka, ambaye babu yake alikuja Rungwe kutoka Pwani na mzigo wa nguo kichwani, amemwona mara nyingi. "Huyu akiigiza mlevi, unanusa pombe," anasema. "Na ni mlokole."

Prisca alikuja kikundini baadaye. Binti wa Lufingo, sura nzuri, mwendo mzuri, kazi yake kuigiza bibi harusi na wake wadogo wadogo. Maneno aliyasahau mara kwa mara, lakini kutabasamu hakusahau hata siku moja. Hayo ni maelezo ya Sekela, na msomaji ayachukue kwa tahadhari.

Mwaka 1999 redio ikatangaza kwamba kampuni moja ya michezo ya televisheni, Dar es Salaam, inatafuta sura mpya. Mwenye kipaji aandike barua ya kujitambulisha, aambatanishe picha. Sekela na Prisca wakasikia pamoja, wakiwa kwenye kaunta ya Hafidhi. Prisca akaomba aandikiwe, maana mwandiko wake ni kama kuku kaparua. Sekela akanunua karatasi, akaanza na ya kwake.

Aliiandika kama alivyofundishwa shuleni. Anwani mbili. YAH kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Akamsalimu mkuu wa kampuni, akawasalimu wafanyakazi wenzake, akawasalimu na familia zao. Kisha akaeleza kwamba yeye ni fundi cherehani wa hali ya chini, anashona sare, magauni na suruali, hana ujuzi mkubwa wa kuigiza ila anajaribu tu, na akipewa nafasi yoyote ataipokea kwa unyenyekevu.

Kurasa mbili zikajaa. Akaambatanisha nakala ya cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, na barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba ana tabia njema. Picha aliyotia ilikuwa ndogo, amenuna kama aliyeitwa polisi.

"Ndivyo tulivyolelewa," anasema. "Mtu hajisifu. Kwetu ukijisifu watu wanakuuliza, kwani wewe huna ndugu wa kukusifu? Tena Waswahili wenyewe wanasema kizuri chajiuza."

Ikabaki nusu karatasi. Hiyo ndiyo ikawa ya Prisca. Sekela alikuwa amechoka, na nafasi ya salamu haikuwepo, kwa hiyo akaandika kwa haraka. Maneno yake anayakumbuka mpaka leo, na anayasoma kwa uchungu kama anayesoma hukumu: "Naitwa Prisca, nina miaka ishirini na minne. Mwezi uliopita, kijiji cha Suma, niliigiza mke anayepigwa, wanaume wawili wakapanda jukwaani kumkamata mume. Naweza kuigiza mke, bibi harusi na mdogo mtu. Nikiitwa leo, kesho nipo njiani."

Chini akaweka jina na sanduku la posta la Hafidhi. Basi. Hakuona haya hata kidogo, kwa sababu sifa zilikuwa za mtu mwingine.

Jibu likaja mahindi yakiwa bado mabichi. Hafidhi alitoka posta akiinua bahasha juu, akasema kuna kitu kutoka Dar. Sekela aliinuka kwa kasi hata cherehani ikasogea. Akaipokea, akasoma jina, akasoma tena akidhani ni macho yake. Ilikuwa ya Prisca. Siku hiyo Hafidhi alirudi posta mara ya pili kumtafutia na yake, akarudi mikono mitupu.

Prisca hakuwa na nguo ya safari. Nani atamshonea kama si Sekela? Alimshonea gauni la kitenge, la rinda, bila kumdai. "Mkono mmoja unashona, mwingine unataka kuchana," anakiri. "Nikamwombea safari njema kwa mdomo. Moyoni sikusema kitu, nilinyamaza tu."

Angekwenda na kusahaulika, yangekwisha. Lakini Hafidhi, ambaye zamani aliuza sukari na mafuta ya taa, sasa anauza redio na televisheni, na ana dishi juu ya bati. Kila Alhamisi jioni huwasha televisheni moja dukani, watu wakajaa mpaka mlangoni kumtazama binti wa Lufingo. Sekela haingii. Hubaki barazani, mgongo ukutani, akishona, na kila kitu anakipata kwa kelele za watazamaji. Wakicheka, Prisca kafanya la kuchekesha. Wakiguna, Prisca kaonewa.

Mara moja tu aliingia. Akamkuta mwenzake kwenye kioo amevaa lile gauni la kitenge. Bega la kushoto alikuwa amelikosea kidogo, na sasa nchi nzima ilikuwa inalitazama bega lile. Akatoka.

Mambo hayakuishia hapo. Ackson, kijana wa Suma aliyekuwa akiigiza mume mpigaji, alikuja na karatasi yake akiomba aandikiwe kama Prisca. Sekela akamwandikia maneno machache tu. Ackson sasa yumo kwenye mchezo wa redio, na mama yake hupita sokoni akisalimia watu ambao zamani hakuwasalimia. Wengine wakafuata. Sekela akaanza kusema kalamu imekwisha wino.

Yeye mwenyewe aliandika tena, na tena. Kila barua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na nyenyekevu zaidi, akidhani labda ile ya kwanza ilikosa adabu. Hakujibiwa. Hafidhi alimwambia kinyozi hajinyoi, naye akakaa siku kadhaa bila kumsemesha, ingawa baraza ni la Hafidhi na kodi halipi.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, ukatokea msiba Lufingo. Alikuwa shangazi yake Prisca. Sekela akaenda, maana msiba ni msiba, akakaa na akina mama waliokuwa wakimenya ndizi za kupika. Prisca akaja kutoka Dar. Alikuwa amejifunga kanga kama wengine, akachukua kisu, na katika wanawake wote wale akaja kukaa ubavuni kwa Sekela.

"Nilitamani awe na maringo," Sekela anasema. "Angeringa ningepumua. Hakuringa."

Wakamenya. Kisha Prisca akamwambia kwamba kampuni inatafuta mwanamke mtu mzima wa kuigiza mama mkwe, na barua zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi. Kisu cha Sekela kikasimama. Nafasi za wasichana hutangazwa kila mara, ya mtu wa umri wake hakuwahi kuisikia. Akajibu kwa ukavu kwamba yeye kuandika ameshaandika vya kutosha, na huko Dar barua za fundi hawazisomi.

"Dada, zile barua zako nimeziona," Prisca akasema. "Zimo kwenye faili la mafundi."

Ikawa hivi. Prisca alimwuliza Rahma, mama anayechagua waigizaji wa kampuni, kama aliwahi kupata barua ya mtu aitwaye Sekela wa Tukuyu. Rahma akavuta faili moja, si la waigizaji, na humo zikatoka barua zote tatu na vyeti vyake. Alikuwa amedhani ni fundi anaomba kazi ya kushona mavazi ya waigizaji. Fundi tayari alikuwa naye, akaziweka akiba. Kilichomshangaza ni kwa nini fundi atume cheti cha ubatizo.

Sekela alisikiliza huku kisu kikienda. "Nilitaka kucheka, nikaona nitalia, na kule msibani wangedhani namlilia marehemu. Nikamenya."

Prisca akasema yuko tayari kumwandikia yeye. Sekela akakataa hapo hapo. Aliona afadhali azeeke na cherehani yake kuliko atolewe na barua ya Prisca. Wivu una heshima zake, bwana, nao usipoheshimiwa unauma zaidi.

Akarudi Tukuyu, akajaribu. Aliandika "Mimi ni mwigizaji", akaona kama anajivua nguo barabarani, akafuta. Akaandika "Najaribu kuigiza". Kisha kalamu ikashika njia yake ya zamani, ikasalimu familia zao. Alichana karatasi moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyofika mahali pa kutaja jukwaa.

Hafidhi alimwangalia akichana, akavumilia, akashindwa. "Mama Tulia, mwezi unaisha," akamwambia, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza. "Mchukie Prisca mwezi ujao. Hutakuwa umechelewa."

Ndipo akapanda Lufingo, matope mpaka kwenye vifundo, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Prisca alikuwa bado kwao, anafunga mizigo. Sekela hakuzunguka. Alimwambia wewe sema, mimi nitaandika, na usinipambe. Wakakaa chini ya upenu wa jiko la mama yake Prisca, wakiwa wawili tu.

Prisca hakuhangaika na salamu. Akaanza na habari ya Ikuti, na Sekela akaweka kalamu chini.

Ya Ikuti yataka maelezo kidogo kwa msomaji wa mbali. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani hupisha, hujifunika, hujificha, na wapo wengi vijijini wanaoshika hivyo mpaka leo. Siku ile Ikuti, kikundi kilikosa mwanaume mtu mzima, Sekela akavaa koti na kofia, akashika fimbo, akaigiza baba mkwe. Mbele kabisa alikaa mwali aliyeolewa karibuni, ambaye Sekela alikuwa amempima na kumshonea blauzi wiki ile ile. Mwali huyo alimjua Sekela vizuri.

Sekela akaingia, akakohoa kama wanavyokohoa wazee wakiikaribia nyumba ya mtoto wao. Yule mwali akajitanda kanga usoni, akainuka, akakimbilia migombani. Wenzake walimfuata wakimwambia ni Sekela yule, fundi wako. Akasema najua. Hakurudi mpaka Sekela alipovua kofia, na hata hapo alimsalimu kwa mbali.

Sekela hakuwahi kulihesabu hilo kuwa sifa. Kwake lilikuwa kosa, kumtia mke wa watu aibu hadharani, na kesho yake alikwenda kwao kuomba radhi. Alimwambia Prisca asilitaje.

"Dada, nimekaa Dar mwaka wa pili," Prisca akajibu. "Sijaona mtu wa kumkimbiza mtu kwa kikohozi. Andika." Kisha akainama, akachezea pindo la kanga, na kuongeza: "Wale wanaume wa Suma walipanda kwa sababu Ackson alijua kupiga, si kwa sababu mimi nilijua kupigwa. Siku ile ya Ikuti nilikuonea wivu mpaka chakula kikanishinda."

Hapa Sekela anasimamisha cherehani ili alisimulie vizuri. Anasema alijitahidi kusikitika, ikashindikana.

"Nilifurahi," anasema. "Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Miaka yote hiyo nateseka peke yangu, kumbe mwenzangu alinitangulia."

Akashika kalamu, akaandika kila neno lililosemwa, bila kupunguza. Barua ikawa nusu ukurasa. Ilikuwa na jina lake, umri wake, mwali wa Ikuti na kikohozi, na mstari mmoja usemao kwamba aliyeweza kuwa baba mkwe, mama mkwe hatamshinda. Cherehani haikutajwa. Vyeti havikwenda. Picha alipiga mpya, amevaa kofia ile ile ya jukwaani, anatazama mbele kama mwenye mji.

Prisca akajitolea kuibeba mpaka Dar. Sekela akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akakataa. Akaishusha mwenyewe mpaka posta ya Tukuyu, akaitumbukiza kwa mkono wake, asije mtu akasema baadaye kwamba Prisca ndiye aliyempeleka.

Leo wanaokuja kuandikiwa hawaambii tena kwamba wino umekwisha. Anawakalisha barazani, na haanzi kuandika mpaka waje na ndugu au jirani aliyewahi kuwaona jukwaani. Ndugu ndiye anayesema, mwenyewe ananyamaza. Ndugu akitia chumvi, Sekela anauliza ni wapi na nani aliona, na kisicho na shahidi hakiandikwi. Familia za wakubwa hazisalimiwi.

Jibu lake limefika. Safari hii Hafidhi hakuinua bahasha juu. Aliiweka kwenye meza ya cherehani, akaingia ndani, akajidai anapanga betri. Sekela anaitwa Dar es Salaam kwa majaribio, na akifaulu ataingia kwenye mchezo huo huo wa Alhamisi. Mumewe Asajile, mkulima wa ndizi asiye na maneno mengi, amekwisha kutenga mikungu ya nauli.

Atakuwa mama mkwe. Mkwe wake ni Prisca.

Akiulizwa kama wivu sasa umekwisha, anakaribia kuudhika. Anasema barua imekwenda, wivu umebaki, na ndio atakaokwenda nao kwenye majaribio, kwa sababu mama mkwe mwema hana kazi kwenye mchezo. Ameshapanga yote. Atamwamsha alfajiri. Atamkatalia chakula alichopika. Atamtuma maji mvua ikinyesha. Watu wa Tukuyu wanaojaa mlangoni kila Alhamisi wataona mkwe anavyonyooshwa.

"Na ukimtesa vizuri," Hafidhi anasema kutoka ndani ya duka, "wote hao watamlilia Prisca."

Cherehani inasimama. Ni wazi kwamba hilo hakuwa amelifikiria. Anatazama mvua, anatazama mikono yake, na kwa muda inaonekana kama safari nzima iko hatarini.

"Wamlilie," anasema mwishowe, akianza tena kukanyaga. "Ila wajue ni nani aliyemliza."